Amani Isiyongoja Hukumu

Kabla mazungumzo hayajaanza, mpatanishi alifunga faili, akavua miwani, akauliza nani atatuombea.

Hapa Nairobi kikao hakianzi bila sala, kiwe cha chama, cha harusi au cha kugombania mali ya marehemu. Chetu kilikuwa hicho cha mwisho. Tulikuwa katika chumba kidogo karibu na mahakama ya Milimani, kaka zangu wawili wamekaa upande wa dirishani na mimi upande wa mlangoni, na katikati yetu chupa za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Kaka mkubwa ni mzee wa kanisa. Alisimama bila kubembelezwa, akafumba macho, akaomba kama baba alivyokuwa akiomba: polepole, kwa sauti ya chini, akimshukuru Mungu kwa wazazi waliotulea na kwa kila mmoja wetu kwa jina lake. Akamalizia, "Bwana, tupe amani katika nyumba hii."

Wote wakaitikia Amina.

Mimi sikuitikia.

Sikuwa nimepanga kukataa. Nilifungua mdomo na neno halikutoka. Macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake, imelala juu ya faili, na ndani ya faili ile kulikuwa na hati ya kiapo aliyoitia sahihi yeye mwenyewe. Kifungu cha tisa kinasema kwamba mimi niliolewa, na kwa hiyo sina changu katika ploti ya baba kule Dandora.

Yaliyosemwa baada ya sala ni siri kwa mujibu wa utaratibu wa upatanishi, na nitayaacha mle chumbani. Kilichonifuata nyumbani ni ile Amina. Nimeomba amani tangu tumzike baba. Nimeiomba jikoni, kwenye matatu, na usiku wa manane wakati mume wangu amelala. Mbona mtu mwingine alipoiomba, tena kwa maneno mazuri kuliko yangu, nilishindwa kuitikia?

Majuma yamepita na swali halijaniachia. Ndiyo maana naandika.

Zege la mwaka ule

Wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, mnaijua historia ya Dandora. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia na Baraza la Jiji walipima ploti kama 6,000, wakamjengea kila aliyepata ploti choo, bafu na bomba la maji, vyumba akajijengee mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Baba alijenga kimoja, tukahamia. Vingine vikafuata taratibu, kila mama alipomaliza deni la mitumba soko la Gikomba.

Vyumba viwili vya nyuma navikumbuka kwa mikono yangu. Kaka mkubwa alichanganya kokoto na simiti kwa koleo lililomzidi urefu. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia zege asubuhi na jioni ili lisipasuke. Nilikuwa nachota kwa kasuku, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, naenda naumimina kidogo kidogo kuanzia ukutani, kwa sababu baba alisema ukianzia katikati maji yatakimbilia mlangoni na pembe zitabaki kavu. Sakafu ile ipo hadi leo. Haina ufa.

Kisheria sikuwa na hofu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimtofautishi binti na mvulana, aliyeolewa wala asiyeolewa. Katiba ya 2010 ikaja kukazia usawa huo. Katikati hapo, mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Rono ilikataa mabinti wapewe kidogo eti kwa kuwa wataolewa. Wakili wangu alinieleza haya yote kwa utulivu, nikayaelewa yote.

Nikarudi nyumbani na usingizi haukuja.

Hilo ndilo lililonishangaza. Nilidhani ninachokosa ni uhakika wa kushinda, nikaupata, na kifua kikabaki kilekile. Nilikuwa naisoma ile hati ya kiapo jikoni hadi chai inapoa. Nikikutana na jina la kaka kwenye grupu ya familia, hata akiwa ametuma tu mstari wa Zaburi, mikono inatetemeka.

"Achia Mungu"

Ushauri wa kanisani ulikuwa mmoja, na ulitoka kwa watu wanaonipenda. Achia Mungu. Ploti ni mabati na mawe, roho yako ni ya milele. Mchungaji wangu, ambaye alilia na sisi kaburini, alinifungulia 1 Wakorintho 6, pale Paulo anapowauliza ndugu wanaoshtakiana kwa nini wasikubali afadhali kudhulumiwa.

Sikuipuuza hoja hiyo. Mkristo akisoma sura ile akiwa na tarehe ya mahakama mkobani, lazima imchome. Niliandika ujumbe kwa wakili kwamba tuondoe pingamizi, nikauacha kwenye simu bila kuutuma. Nikawa naufungua, naufunga. Nilijiambia: ukiutuma, utapata amani.

Lakini niliendelea kusoma, na aya inayofuata ikanizuia. Paulo akimaliza na anayedhulumiwa, anamgeukia anayedhulumu, tena kwa ukali zaidi, akimwambia ananyang'anya mali za ndugu zake mwenyewe. Nimeketi katika mahubiri mengi juu ya sura ile. Karibu yote yalisimama kabla ya aya hiyo.

Kwa nini? Kwa nini anayeambiwa aachilie ni yule aliye mlangoni, na aliye dirishani anaombwa atuombee?

Nikaenda Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na mkutano wote, wakadai fungu la baba yao aliyekufa bila mwana wa kiume. Musa hakuwaambia waachie Mungu. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akajibu kwamba wamesema kweli, wapewe. Ni habari iliyo katika Torati kabisa, na sijui kanisa langu lilisoma sura hiyo lini mara ya mwisho.

Huo ujumbe kwa wakili nikaufuta. Bado sikuwa na amani. Nilikuwa tu nimejua kwamba amani haikuwa ndani ya ule ujumbe.

Amani ya kunyamazisha watu

Nafikiri koo langu lilikataa kwa sababu lilikuwa limeshaionja sala ile mahali pengine.

Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2008 hatuhitaji kukumbushwa. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Kule Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomewa humo siku ya mwaka mpya. Februari ile viongozi wa Baraza la Makanisa walikiri hadharani kwamba waliegemea pande, kila mmoja na kwao, na kwamba sauti yao ilipotea kwa sababu hiyo. Niliwaheshimu sana kwa kukiri.

Kisha ukafika uchaguzi wa 2013, na amani ikawa neno la kila mimbari, kila redio, kila bango. Nilikuwa naimba nyimbo hizo kwa moyo wote. Tulikuwa tumeogopa, na hofu yetu ilikuwa ya haki. Ila polepole nikaona aliyeuliza swali kuhusu kura, kuhusu ardhi, kuhusu waliouawa mwaka ule na nani aliwaua, anatazamwa kama mtu anayecheza na kiberiti. Amani ikawa na maana ya kila mtu akae kimya, na waliokuwa na jeraha ndio walioombwa wakae kimya zaidi. Yeremia aliwashutumu makuhani wa wakati wake kwa hilohilo: kuponya jeraha la watu juujuu, wakisema amani, amani, na amani haipo. Hata wimbo wetu wa taifa unaitaja haki kuwa ngao na mlinzi kabla haujafika kwenye amani. Tumeuimba tangu darasa la kwanza, ndiyo maana siku hizi tunaupita haraka.

Sala ya kaka ilikuwa nzuri. Ilitaka nyumba itulie na kifungu cha tisa kibaki.

Chini ya All Saints

Siku ile baada ya kikao sikupanda matatu. Nilitembea kuteremka hadi Kanisa Kuu la All Saints, nikaingia, nikakaa benchi la nyuma. Mchana wa katikati ya juma huwa pana watu wachache: mtu amevaa sare ya ulinzi amelala kidogo kabla ya zamu, kijana na bahasha yake ya vyeti, mama mmoja anayesogeza midomo. Sikuomba kitu. Nilikuwa nimechoka kuomba.

Niliwaza juu ya wale akina mama.

Februari 1992 walikaa Uhuru Park, ng'ambo tu ya kanisa hili, wakigoma kula hadi wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, na baadhi ya akina mama wale, wazee wa kuitwa nyanya, wakavua nguo zao hadharani, jambo ambalo kwa mila zetu ni laana nzito kwa kijana anayelitazama. Baada ya hapo kanisa likawapokea. Walikaa chini ya jengo hili, chumba cha chini ya ardhi, hadi mwanzoni mwa 1993, wengi wa wana wao walipokuwa wameachiliwa. Karibu mwaka mzima wa kulala sakafuni, kuimba nyimbo za dini, kuomba na kudai.

Kuomba na kudai. Nilirudia maneno hayo nikiwa nimekaa pale, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwamba mtu huchagua moja.

Hakuna aliyeweza kusema akina mama wale hawakuwa na imani. Hakuna aliyeweza kusema imani iliwafanya waache kudai. Kama amani ya moyo ingekuwa inangoja mgogoro uishe, wasingemaliza hata juma moja mle chini. Kitu fulani kiliwashika. Nilitoka kanisani nikikitaka hicho, na bila kujua ninakipataje.

Tata

Shangazi yangu, sisi tunamwita Tata, anaishi katika chumba cha mbele cha ileile ploti. Amepita miaka themanini. Wazazi wake walikuwa watu wa uamsho kule Murang'a, ule uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki yote. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, Waingereza walipopigana na Mau Mau, walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na walipopewa bunduki na serikali wajilinde, wakaikataa pia. Waliokataa pande zote mbili waliuawa wengi. Tata anasema mama yake alikuwa akisuka kiondo jioni huku mlango hauna komeo la maana, akiimba, na kwamba alipokuwa mtoto alidhani mama haelewi hatari. Baadaye alijua mama aliielewa kuliko wote kijijini.

Nilimweleza yote. Kikao, sala, Amina iliyokwama. Nilitegemea aniombee, maana ndivyo hufanya. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, akitupa mawe kwenye kifuniko cha sufuria, na hakuinua macho.

"Na yeye umemwambia?" akauliza.

"Kwenye majibu ya wakili kila kitu kipo, Tata."

"Sijauliza wakili. Wewe umemwambia yeye, uso kwa uso, kwamba amekuumiza?"

Nikanyamaza.

"Umemshtaki kwa Mungu kila usiku, mwanangu, na yeye hajui shtaka. Kwetu mtu alikuwa anakwenda. Anagonga mlango, anasema, ndugu, hili liko moyoni mwangu juu yako. Akikubali asikubali, wewe umeshaleta nuruni."

Watu wa uamsho hawakuwa wakamilifu, na Tata ndiye wa kwanza kusema hivyo. Kuna waliotangaza hadharani dhambi za wengine ambazo zingestahili kubaki kati ya wawili. Lakini aliyoyasema yamo katika Mathayo 18, wazi kabisa: nenda, wewe na yeye peke yenu. Nilikuwa nimepitia ofisi ya chifu, wakili, mahakama, mpatanishi, mchungaji na grupu ya WhatsApp. Hakuna hata mahali pamoja tulipokuwa wawili peke yetu.

Misumari ya inchi tatu

Kaka mkubwa ana hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, karibu na Kariobangi Light Industries. Nilifika jioni, saa ambayo mafundi wananunua vitu vya kesho. Alikuwa anapima misumari ya inchi tatu. Aliponiona, mkono ulisimama juu ya mizani na sahani ikabaki inacheza.

"Karibu, dada. Wakili wako anajua uko hapa?"

"Hajui. Sijaja kwa ajili ya kesi."

Alimhudumia fundi, akafunga misumari kwenye gazeti, akamrudishia chenji. Akaniletea kiti cha plastiki. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakanitoka machache.

"Kifungu cha tisa," nikasema. "Mgao tutaachia korti. Lakini uliapa kwamba mimi si wa pale. Wewe ulichanganya zege lile na mimi nikalimwagilia. Uliapaje?"

"Wakili ndiye aliyeandika."

"Sahihi ni yako."

Alikaa kimya kirefu. Nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi na mtu anabishana juu ya bei ya mabati. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia, wala kwenye hati, wala kwenye simu za jamaa. Baba, wiki yake ya mwisho, alimshika mkono akamwambia ploti isitoke kwa wavulana. Akamtaka aahidi. Akaahidi.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" akaniuliza, na sauti ilikuwa ya yule mvulana wa koleo.

Nilikuwa nimemwita mnyang'anyi moyoni mwangu muda wote ule. Aliyekuwa mbele yangu ni mtu aliyebebeshwa ahadi na mzazi anayekufa, naye hajui aiweke wapi. Kosa lake halikupungua kwa hilo. Nilimwambia hivyo: baba hakuwa na mamlaka ya kukuahidisha uniondoe, na Mungu hawezi kukudai ahadi ya kumdhulumu dada yako. Akasema amenisikia. Hakusema amekubali.

Akaniuliza kama nimekula.

Nikamtazama. Huenda haya yataonekana madogo kwa anayesoma, lakini tangu mazishi nilikuwa sijamtazama kaka yangu usoni. Nilikuwa natazama faili, mikono, shati. Sasa nikamtazama, nikaona amezeeka, na hasira niliyokuwa nimeizoea haikuwepo. Madai yangu yalikuwepo yote.

Barua iliyoandikwa kifungoni

Kila Mkristo Mkenya anaijua Wafilipi 4:7, amani ya Mungu ipitayo akili zote. Iko kwenye kadi za pole, kwenye kalenda, nyuma ya matatu. Niliisoma tena usiku ule kuanzia mwanzo wa sura, na sikuwahi kuona inaanzaje. Inaanza na ugomvi. Paulo, akiwa amefungwa, anawataja kwa majina wanawake wawili wa kanisa lile, Euodia na Sintike, akiwasihi wapatane, na anamwomba mwenzake awasaidie. Hawaambii wanyamaze. Anasema wanawake hao walishindana pamoja naye kwa ajili ya Injili. Aya chache mbele ndipo inakuja ile amani, na anasema itaihifadhi mioyo, kama ulinzi unavyowekwa mahali ambapo adui bado yuko.

Na Kristo aliposema, "Amani yangu nawapa, niwapavyo mimi sivyo kama ulimwengu utoavyo," ulikuwa usiku uleule wa kukamatwa kwake. Msaliti alikuwa ameshatoka nje. Aliitoa akiwa nayo, na hukumu bado haijasomwa.

Kuna aya moja ambayo kwa miezi niliikwepa, Luka 12, ambapo mtu anamwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi, na Yesu anakataa kuwa mgawanyi juu yao. Ilinikatisha tamaa kila nilipoifikia. Nilitaka atakayegawa awe yeye. Sasa naisoma bila uchungu. Kugawa ana jaji wa kugawa, na sheria ipo. Kutoka kwake nilihitaji moyo ambao hauliwi na ploti, nikiipata au nikiikosa, na hilo hakunikatalia.

Nimejiuliza sana kama hii ni amani au ni uchovu tu umevaa nguo ya imani. Nimechoka, ni kweli. Lakini nilipokuwa nimechoka tu, sikuweza kuisoma ile hati. Juzi nimeisoma yote, kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, nikaweka alama kwa kalamu pale penye makosa, nikamtumia wakili masahihisho. Chai ikiwa bado ya moto.

Upatanishi haukufikia makubaliano. Siku 60 zilikwisha na faili limerudi kwa jaji. Kaka mdogo hapokei simu zangu. Mchungaji bado anaamini ningeachilia, nami bado naenda kanisani kwake, na tumekubaliana afundishe Hesabu 27 katika mafunzo ya Biblia mwezi ujao, mimi nikiwepo.

Nimemwambia wakili aendelee. Sijabadilisha hata sentimita moja ya ninachodai.

Kaka mkubwa alipiga simu jana kuhusu dawa za presha za Tata, kwamba zinaisha na yeye hatakuwa mjini hadi Jumamosi. Nitazipeleka mimi, naye atafika jioni kulipia za mwezi unaokuja. Tata ameshatuonya wote wawili kwamba hakuna kutaja korti chumbani mwake kabla ya kuomba na kula. Na safari hii anataka mimi ndiye niombe.